SOMO LA KIKUNDI: MBIO NDEFU NA MASHINDANO MAFUPI KABLA YA MARATHONI



Somo la toleo hili si la mbuzi wa maziwa wala la kuweka vitabu vya hesabu. Ni la kukimbia. Msishangae. Miaka hii vikundi vingi vimeanza kupeleka watu kwenye marathoni. Vingine vinataka kuchangisha pesa za tangi la maji au za karo, na vingine vina kijana mwenye miguu mepesi ambaye kila mtu anasema atatutoa kwa umaskini. Pesa za kikundi zinatoka: nauli, ada ya kujiandikisha, viatu, mahali pa kulala. Na kwa kuwa pesa zinatoka, ni haki ya kila mwanachama kujua mtu hutayarishwa namna gani kwa kazi hiyo. Mtu akikuambia amepanda mahindi kwenye shamba ambalo halijalimwa utamcheka. Lakini tumeona vikundi vikipeleka mkimbiaji kilomita 42 kwa njia hiyo hiyo, na hakuna aliyecheka.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika mara ya kwanza katika Olimpiki za London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukawekwa kuwa kipimo cha dunia nzima. Kwa mtu wa matatu, ni karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Thika. Nusu marathoni ni kilomita 21 na kidogo. Tarakimu hizo mbili, 42 na 21, ziwekeni kichwani kwa maana tutazirudia.

YALIYOTOKEA KATIKA KIKUNDI KIMOJA

Kikundi kimoja cha huku kwetu nyanda za juu kilikuwa na wanachama 23. Mmoja wao alikuwa kijana kinyozi wa pale sokoni, ambaye alishinda karibu kila mbio za kilomita 10 zilizofanywa tarafa ile. Alimletea mama yake blanketi, sufuria, na wakati mwingine pesa kidogo. Basi wakaamua kumpeleka kwenye marathoni kubwa, arudi na zawadi kubwa. Mwekahazina akatoa pesa zilizokuwako, na zilizopungua zikakopwa kutoka mfuko wa mazishi. (Mfuko wa mazishi! Hapo peke yake pana somo lingine.)

Kijana alifanya mazoezi kwa bidii, hilo hakuna anayebisha. Kila siku kilomita 8 au 10, mbio kali, saa mkononi, na karibu kila Jumapili ya pili yuko kwenye shindano mahali fulani. Katika miezi minne hakupita kilomita 18 hata siku moja. Siku yenyewe alianza na kundi la mbele, akaachwa kabla ya kilomita ya sita, lakini akajikaza kuwafuata. Alijikaza hivyo mpaka 25. Kufika 31 miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Akatembea, akakaa kando ya barabara, na gari la huduma ya kwanza likamchukua.

Mkutano uliofuata haukuwa mzuri. Wengine walisema ati amekula pesa zao. Mzee mmoja akasimama akasema vijana wa siku hizi hawana moyo. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma na nilitoka nikiwa na huzuni, kwa sababu moyo kijana alikuwa nao. Alichokosa ni kilomita, na hakukuwa na mtu kikundini aliyejua kumwambia hivyo.

Mwaka ule ule, katika kikundi kile kile, mama mmoja alijitayarisha kwa nusu marathoni. Yeye alifanya kinyume. Alikimbia mbio ndefu za polepole tu, hata mara tatu kwa wiki, peke yake, na hakuingia shindano lolote. Siku yake ilipofika, bunduki ikalia, watu wakatimka, naye akatimka nao kama aliyefukuzwa na nyuki. Kilomita ya nane pumzi ikaisha. Alimaliza, lakini nusu ya pili aliitembea karibu yote.

Kijana alijua kasi, hakujua umbali. Mama alijua umbali, hakujua kasi. Umbali unafundishwa na mbio ndefu za mazoezi. Kasi, na pia ukweli juu ya uwezo wako, unafundishwa na mashindano mafupi. Anayetaka kufika 42 akiwa mzima anahitaji vyote viwili.

KINACHOISHA NI NINI?

Mwili una maghala mawili ya nguvu. La kwanza linajazwa na ugali, viazi, ndizi, uji, chapati. Nguvu hiyo huwekwa ndani ya misuli na kwenye ini. Inawaka haraka, lakini ghala lenyewe ni dogo. Kwa watu wengi wanaokimbia kwa kasi, huelekea kwisha karibu na kilomita 30. Ghala la pili ni mafuta ya mwili. Hata mtu mwembamba kama ufito ana mafuta ya kumfikisha mbali sana, ila yanawaka polepole kama kuni mbichi. Mkimbiaji aliyezoea mbio fupi za kasi anachoma ghala la kwanza bila kuligusa sana la pili. Linapoisha, miguu inakataa na kichwa kinazunguka. Wakimbiaji wanasema mtu "amegonga ukuta". Kinyozi wetu aligonga ukuta huo kwenye 31.

Mbio ndefu za polepole zinauzoesha mwili kutumia mafuta mapema, kabla ghala dogo halijaisha. Zinaongeza pia mishipa midogo midogo ya damu ndani ya misuli, na zinafanya misuli iweze kuweka akiba zaidi kuliko zamani. Mambo hayo hayaji kwa wiki mbili.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitaji sana. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Baada ya wiki chache tu mtu anasikia pumzi imekuja na anaanza kujisifu. Lakini mifupa, magoti na zile kano zinazoshikilia misuli huchukua miezi kukomaa. Kwa hivyo kuna kipindi kifua kinasema twende na goti linasema bado. Lisikilize goti.

MBIO NDEFU ZENYEWE

Mbio ndefu hufanywa mara moja kwa wiki. Siku nyingine ni mbio za kawaida za kilomita 6 hadi 10, mara tatu au nne, na siku za kupumzika kabisa, angalau moja, afadhali mbili. Somo hili linamhusu mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 10 bila kusimama. Ambaye hajafika hapo aanze kwa kukimbia na kutembea kwa zamu mpaka afike. Asione haya, kila mtu alianza mahali.

Kasi yake ni ile inayokuruhusu kuongea. Ukiwa unakimbia na mwenzako, uweze kumsimulia yaliyosemwa mkutanoni kwa sentensi nzima. Ukiona unajibu "ee" na "la" tu, umekwenda kasi mno, punguza. Hapa ndipo vijana wanapokataa. Wanaona aibu kupitwa na mtoto wa shule mwenye mkoba mgongoni. Lakini nendeni Iten, kule juu zaidi ya mita 2,300, mwaangalie mabingwa wa dunia wanavyotoka alfajiri siku ya mbio nyepesi. Kilomita za kwanza utadhani ni wazee wanaomtafuta ng'ombe aliyepotea. Kasi wanayo, ila wanaitunza kwa siku yake. Kule Kaptagat, kundi la Eliud Kipchoge chini ya mkufunzi Patrick Sang limejulikana kwa ratiba hii: Jumanne kasi uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi kasi ya kupanda na kushuka. Siku zilizobaki ni mbio nyepesi.

Utapimaje umbali? Mwombeni mwenye bodaboda aendeshe njia mnayotaka na asome tarakimu kwenye mita ya pikipiki, au mtumie simu ya mwenye programu ya kupima. Wekeni alama kwa chokaa: kwenye daraja, kwenye mti wa duka, kwenye lango la shule. Njia nzuri ni ya mzunguko wa kilomita 6 au 7 unaopita karibu na nyumbani, ili mtu apate maji na, akiumia, asiwe amekwama maili nyingi kutoka kwao. Mkiwa barabarani kimbieni upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja. Kina dada wasitoke peke yao kukiwa bado na giza. Hiyo isiwe shauri ya mwenye kukimbia tu. Kikundi kipange nani anakwenda na nani.

Sasa kuhusu kazi ya shamba, kwa maana vitabu vya riadha vimeandikwa na watu wasioshika jembe. Kulima kutwa nzima ni mazoezi, na mwili unayahesabu hata kama wewe huyahesabu. Kubeba mitungi miwili ya maji kutoka mtoni kupanda mlima ni mazoezi. Mama aliyepalilia Ijumaa kutoka asubuhi hadi jioni, kisha Jumamosi akimbie kilomita 26, atavunjika. Si uvivu kusogeza mbio ndefu mpaka siku inayofuata kazi nyepesi, na wakati wa kupanda au kuvuna mbio zipunguzwe wazi wazi, ziandikwe hivyo kwenye daftari. Kwa wengi wetu Jumamosi alfajiri ndiyo inafaa, na Jumapili mtu anakwenda kanisani kwa mguu akinyoosha misuli. Lakini kama Jumamosi ndiyo siku ya soko kwenu, chagueni siku nyingine. Hakuna sheria.

Kila wiki ongeza kilomita 2 au 3 tu, na kila wiki ya nne punguza ili mwili ujenge. Kilele ni kilomita 32 au saa 3 na nusu, lolote litakalotangulia. Wengine huuliza: kwa nini nisikimbie 42 nyumbani nione kama naweza? Kwa sababu mwili huchukua wiki nyingi kujitengeneza baada ya umbali huo, na faida inayozidi ile ya 32 ni ndogo. Utakuwa umekula mbegu kabla ya mvua. Zile kilomita 10 zilizobaki utazifikia kwa sababu siku yenyewe utakuwa umepumzika, nawe hukuwa umepumzika siku ya mazoezi.

MASHINDANO MAFUPI

Mtu anaweza kujidanganya kwenye mazoezi. Kwenye shindano, saa inamwambia ukweli mbele ya watu. Ndiyo maana nasema shindano la kilomita 10 au 21 ni njia ya bei nafuu ya kujua ukweli kabla kikundi hakijatoa pesa nyingi.

Hesabu ni hii. Chukua muda wako wa nusu marathoni, uzidishe mara mbili, kisha uongeze dakika 10 hadi 20. Huo ndio muda unaoweza kutegemea kwenye 42, mradi mbio ndefu umezifanya. Bila mbio ndefu hesabu hiyo ni ya bure. Aliye mzoefu huongeza 10 au hata chini, mgeni aongeze 20. Kutoka kilomita 10 hesabu si imara sana, lakini inasaidia: zidisha kwa 4.6 au 4.7.

Kinyozi wetu alikuwa akikimbia kilomita 10 kwa dakika 33. Zidisheni. Inakuja saa 2 na dakika 32 hadi 35. Washindi wa marathoni ya Nairobi kwa wanaume hufika kwa saa 2 na dakika 10 hivi. Kwa hivyo hata kama angejitayarisha kikamilifu, zawadi waliyoipigia hesabu kwenye mkutano haikuwako. Alikuwa mkimbiaji mzuri wa tarafa, na hilo si jambo dogo, lakini nchi hii ina wakimbiaji wazuri wa tarafa wengi ajabu. Kalamu na karatasi tu vingeokoa mfuko wa mazishi.

Mashindano mafupi yanafundisha mengine pia. Yanakuzoesha umati wa watu na ile wazimu ya kilomita ya kwanza. Unajua kiatu gani kinachuna, tumbo linakubali uji saa ngapi kabla ya mbio, unakunywaje maji kwenye kikombe ukiwa mbioni bila kupaliwa. Afadhali uyajue hayo kwenye kilomita 10 za karibu na nyumbani kuliko kwenye 42 mbali na kwenu.

Na msidhani njia hii ni ya wanyonge. Paul Tergat alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999, na bingwa wa dunia wa nusu marathoni 1999 na 2000, kabla hajakimbia 42 yake ya kwanza London mwaka 2001. Hata hivyo alishindwa kupata ushindi mara tano. Ya sita, Berlin mwaka 2003, akashinda kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, rekodi ya dunia wakati huo. Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu, aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mwaka 2007, dakika 58 na sekunde 33. Mwishoni mwa mwaka huo akashinda marathoni yake ya kwanza Fukuoka, Japani, na mwaka 2008 akaileta Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika marathoni, kutoka Beijing. Kipchoge mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg mwaka 2013, miaka kumi baadaye, na kabla yake alikuwa amejipima kwenye nusu marathoni mwaka 2012. Wote walipita kwenye mafupi wakielekea kwenye refu.

Lakini dawa ikizidi ni sumu. Shindano linachosha mwili kuliko mazoezi ya umbali ule ule, kwa sababu hakuna anayekimbia shindano polepole. Baada ya kilomita 10 za kushindana, wiki moja iwe nyepesi. Baada ya 21, wiki mbili bila kasi kali. Mwenye kushindana kila Jumapili kwa ajili ya sufuria hatapata nafasi ya kujenga umbali. Kikundi kikimpenda mkimbiaji wake kimwambie hivyo, hata kama sufuria zinahitajika.

KUVIUNGANISHA VITU VIWILI

Tuseme mtu anakwenda kwenye mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000 na ambazo kwa kawaida hufanywa mwishoni mwa Juni. Kule ni vumbi, jua na vilima, basi njia yenu ya mazoezi nayo iwe na vilima. Hesabu wiki 18 kurudi nyuma, uanze mwishoni mwa Februari.

Mbio ndefu za wiki tatu za kwanza ni kilomita 12, 14, kisha 16, na ya nne shuka mpaka 12. Wiki ya tano 18, ya sita 20. Wiki ya saba, badala ya mbio ndefu, ingia shindano la kilomita 10. Ukikosa la kuingia, vikundi viwili vitatu jirani vinaweza kuandaa lenu kwa saa ya mkono na filimbi, bila zawadi. Wiki ya nane 22, ya tisa 25, ya kumi shuka 18, ya kumi na moja 28. Wiki ya 12 ndiyo nusu marathoni, shindano la kweli. Hapo ukiwa nyumbani jioni fanya ile hesabu ya mara mbili, na uamue kasi ya siku kubwa. Wiki ya 13 kilomita 24 nyepesi sana, ya 14 kilomita 30, ya 15 kilomita 32. Hicho ndicho kilele. Wiki ya 16 shuka 20, ya 17 shuka 13, na ya 18 ni siku yenyewe.

Zile wiki tatu za kushuka zinawasumbua watu. Mwili unasikia una nguvu nyingi, na mtu anaona kama anapoteza alichojenga. Anatoroka asubuhi moja kujaribu 25 nyingine. Mzuieni! Hakuna kinachopotea kwa wiki tatu, ila mapumziko yanayopotea hayarudi.

Mwaka uliofuata yule mama tuliyemtaja alifuata mpango wa namna hii. Nusu marathoni aliikimbia kwa saa 2 na dakika 15. Mara mbili ni saa 4 na nusu, ongeza 20, saa 4 na dakika 50. Yeye akachagua kuwa mwangalifu zaidi: dakika 7 kwa kila kilomita, ambayo ni saa 4 na dakika 55. Mbio zake ndefu hazikupita kilomita 28, kwa sababu kwa mwendo wake hapo ndipo saa 3 na nusu ziliishia. Bunduki ilipolia watu walitimka tena kama nyuki, naye akawaacha waende. Wengi wao aliwapita baada ya kilomita 30. Saa 4 na dakika 53. Waliomwahidi shilingi kwa kila kilomita walilipa kilomita zote 42, na yule mzee wa "vijana hawana moyo" ndiye aliyekuwa akibeba daftari la michango. Kinyozi? Amebaki kwenye kilomita 21 kwa sasa, na nafikiri ameamua vizuri.

CHAKULA, MAJI NA DAWA

Hapa tutapita haraka. Jioni kabla ya mbio ndefu kula chakula cha kutia nguvu ulichozoea, usijaribu kipya. Asubuhi uji au chai na mkate, saa mbili tatu kabla. Kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu jizoeze kula kidogo njiani, ndizi au maji yenye sukari na chumvi kidogo. Kunywa unapohisi kiu. Kunywa maji mengi kupita kiasi kwa kuogopa kiu ni hatari pia, yanapunguza chumvi ya damu na mtu anaweza kuzirai au kufa.

Msimeze dawa za maumivu kama brufen au diklofenaki ili mkimbie. Mwili ukiwa na jasho na upungufu wa maji, dawa hizo zinaweza kuharibu figo, na tena zinaficha goti linaloomba msaada. Mwenye homa asikimbie hata kilomita moja, aende zahanati apimwe malaria. Maumivu ya kifua au kuzimia mbioni ni ya daktari siku hiyo hiyo. Na watoto wa shule wasisajiliwe kwenye 42. Mashindano mengi hayapokei aliye chini ya miaka 18, na wanaodanganya umri wanamwumiza mtoto.

Mtauliza, tutapata wapi kocha? Bruda Colm O'Connell alipofika Shule ya St Patrick's Iten mwaka 1976 kutoka Ireland alikuja kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Alijifunza kwa kuangalia wakimbiaji kwa makini mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa waliopitia kwake ni David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012. Kikundi hakihitaji cheti. Kinahitaji mtu mmoja mwenye daftari anayeandika kila wiki: kilomita ngapi, muda gani, alilala vipi, goti linasemaje.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, nani anaweza kukimbia kilomita 10 leo bila kusimama? Tumempima, au tunasema tu?

2. Tukifanya hesabu ya muda wake, je, tunampeleka kutafuta zawadi, kuchangisha pesa, au kwa furaha yake? Kila moja inahitaji pesa kiasi gani, na zitatoka mfuko upi?

3. Miezi minne kabla ya mbio tunayoitaka inaangukia wakati gani wa shamba? Tutapunguza wapi?

4. Mama akitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mbio za saa tatu, nani atakamua ng'ombe na nani atabaki na watoto? Waume waliopo mkutanoni wajibu kwanza.